Usiandike "inaingia mashine zote": mambo ya kujua kabla hujauza (au kununua) biti ya ruta



Leo naongea na makundi mawili. La kwanza ni sisi tunaouza vifaa vya mafundi mtandaoni. La pili ni ninyi mnaotengeneza vitu vya mbao na kuviuza kwenye kurasa zenu: vibao vya kukatia, trei, fremu za picha, vibao vya majina. Biti ya ruta inatuhusu wote. Na nikisema ruta sisemi ile ya intaneti. Nasema mashine ya seremala inayozungusha kisu kidogo kwa kasi kubwa sana, ikakata kona, mifereji na maua kwenye mbao. Hicho kisu ndicho biti.

Nilipoanza kuuza biti nilikuwa sijui mbao kabisa. Nilikuwa nauza drili, misasa na misumeno ya mkono. Nikaona watu wengi wananiulizia biti za ruta, nikaenda Kariakoo nikachukua mzigo wa jumla. Nikapiga picha nzuri, nikaandika: "Biti za ruta, kali sana, zinaingia mashine zote. Mikoani tunatuma." Zikawa zinatoka vizuri tu. Nikajiona nimepata bidhaa.

Wiki ya tatu fundi mmoja wa Morogoro akanitumia ujumbe wa sauti. Hakunitukana, na kusema kweli ingekuwa afadhali angenitukana. Alisema: "Dada, ile biti imechomoka ikiwa inazunguka. Imepita kando ya paja langu ikagonga ukuta. Mimi ni mzima, lakini meza ya mteja imeharibika." Halafu ikafuata picha. Ubao wa mninga, mfereji ulioanza vizuri, halafu ukawa unazama kidogo kidogo, mpaka mwisho ukatoboka upande wa pili.

Mimi nikamjibu kama wauzaji wengi tunavyojibu: "Pole fundi, ila utakuwa hukukaza vizuri." Akanipigia picha nati. Alikuwa amekaza mpaka spana imeacha alama.

Nikaipeleka picha ile Keko kwa mzee mmoja seremala ambaye huwa namuuzia misasa. Hakutazama hata biti. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Koleti ya mashine yake ni ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimemuuzia mtu kisu kinachozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na sikujua kinaingia kwenye tundu la ukubwa gani. Nikampigia fundi, akaangalia. Koleti yake ilikuwa ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Biti niliyomtumia ilikuwa na shina la milimita 12. Tofauti ni milimita 0.7, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi yote ile.

Nilimrudishia hela ya biti na nikachangia ubao mpya. Faida yangu ya mwezi mzima kwenye biti iliishia hapo. Lakini hela inatafutwa tena. Paja la fundi halitafutwi. Tangu siku hiyo nimejiwekea maswali manne ambayo nauliza kabla ya kupokea hela ya mtu. Nayaweka hapa pamoja na sababu zake.

SWALI LA 1: KOLETI YA MASHINE YAKO NI NGAPI?

Biti ina sehemu mbili. Juu kuna makali yanayokata. Chini kuna sehemu ya duara, laini, isiyo na makali, ambayo ndiyo inaingia kwenye mashine. Hiyo mimi naiita shina. Ndani ya mashine kuna kishikio kidogo chenye mipasuko pembeni, ambacho ukikaza nati kinabana shina pande zote. Hicho ndicho koleti.

Koleti ya ruta ya mkono imetengenezwa kwa saizi moja tu. Siyo kama kichwa cha drili kinachofunguka na kufunga kwa biti nyembamba na nene. Na soko letu linapokea mashine za kila upande, kwa hiyo saizi zimechanganyika:

• Milimita 6
• Milimita 6.35 (robo inchi)
• Milimita 8
• Milimita 12
• Milimita 12.7 (nusu inchi)

Zile za inchi ndizo zinazotumika Marekani. Za milimita zimezoeleka zaidi Ulaya. Kwenye meza ya duka zinalala pamoja, na kwa macho huwezi kutofautisha 6 na 6.35. Hata ukipima kwa futi utakosea.

Sasa shika hili, ndilo la msingi kuliko yote ninayosema leo. Shina kubwa kwenye koleti ndogo linakataa kuingia. Hapo hasara yako ni nauli ya kurudisha mzigo na mteja kununa. Shina dogo kwenye koleti kubwa linakubali. Linaingia, nati inakaza, mkono unakuambia imebana. Kumbe koleti imeshika sehemu ndogo tu ya shina. Mashine ikiwaka na mbao ikaanza kuvuta, biti inateleza kidogo kidogo kutoka nje. Ndiyo maana mfereji wa fundi wangu ulikuwa unazama. Biti ilikuwa inashuka yenyewe, na yeye akidhani kina ni kile alichokipima. Kwa hiyo ile inayokataa isikutie hofu. Ogopa inayokubali.

Je, utajuaje koleti ya mteja aliye mbali? Mwambie atoe koleti na nati, apige picha kwa karibu. Mara nyingi namba imeandikwa hapo. Kama haionekani, mwambie akutumie jina na namba ya modeli iliyo ubavuni mwa mashine, uitafute mwenyewe. Mwisho kabisa ndiyo apime shina la biti aliyonayo kwa kalipa. Nimeiweka hii mwisho kwa makusudi, maana biti aliyonayo nayo inaweza kuwa aliuziwa kimakosa na mtu kama mimi wa zamani.

Kalipa ya kidijitali ni kifaa cha kwanza unachotakiwa kununua ukiamua kuuza biti. Kila mzigo ukifika, pima mashina yote, andika saizi kwa kalamu isiyofutika kwenye kasha. Usiamini kilichoandikwa na muuzaji wa jumla. Mimi nimeshakuta kasha limeandikwa 6.35 na ndani kuna 6.

Na mteja akikuambia "nipe tu, nitazungushia karatasi au kipande cha bati", usimpe. Kuna bushi zilizotengenezwa kiwandani za kupunguza tundu la koleti, hizo ni kitu kingine, na bora zaidi ni kununua koleti nyingine ya mashine ile ile kama ipo. Lakini bati la kopo halishiki kitu pande zote sawasawa.

SWALI LA 2: UNAKWENDA KUFANYA KAZI GANI?

Mteja akiandika "nataka biti ya ruta", hiyo bado siyo oda. Ni sawa na mtu kusema anataka nguo. Muulize kazi. Hizi ndizo zinazotoka sana kwangu, na kazi zake:

Biti nyoofu. Inakata mfereji wenye kuta wima na chini bapa. Ni ya kuingizia rafu kwenye kabati, kupitisha kioo, na kutengeneza sehemu za maungio. Muulize kama atashusha biti katikati ya ubao au ataanzia pembeni. Kuna biti nyoofu ambazo hazina makali chini kabisa, zinakata kwa ubavu tu. Hizo ukizishusha wima zinaunguza mbao badala ya kukata.

Biti ya kufuatisha kiolezo. Ni nyoofu lakini ina beringi, juu ya makali au chini yake. Beringi inatembea kwenye kiolezo na makali yanakata ubao ufanane nacho. Wewe unayeuza vibao vya kukatia vya umbo moja, hii ndiyo biti yako. Tengeneza kiolezo kimoja kizuri cha MDF, halafu vibao 50 vitatoka sawa, na picha uliyoweka kwenye ukurasa itafanana na anachopokea mteja.

Biti ya kona ya duara. Inaondoa ukali wa pembe, inaacha mviringo. Inapimwa kwa nusu kipenyo cha mviringo wenyewe: milimita 3, 6, 10 na kuendelea. Kwa trei na vibao vya jikoni 3 au 6 inatosha.

Biti ya kona ya mshazari. Hii inakata pembe kwa nyuzi, iliyozoeleka ni 45.

Biti ya chini duara. Inachimba mfereji wenye tumbo la mviringo. Ule mfereji wa kuzuia maji ya nyama kwenye kibao cha kukatia unachimbwa na hii.

Biti ya V. Ni ya maandishi na mapambo. Ukienda chini zaidi mstari unakuwa mpana zaidi, kwa hiyo kina kikibadilika kidogo herufi zote zinabadilika.

Biti ya ngazi, yaani ya kukata kidato pembeni mwa ubao. Nyuma ya fremu ya picha, pale kioo na picha vinapokaa, panakatwa na hii.

Biti ya tundu la ufunguo. Inachimba tundu la kuninginizia nyuma ya kibao cha jina, ili kichwa cha skrubu kiingie na kuteleza juu. Hii inatolewa kwa njia ile ile iliyoingilia. Ukiinyanyua wima katikati ya mfereji umeshaharibu kazi.

Wapo pia wanaoulizia biti za msokoto. Ile ya msokoto wa kupandisha inatoa vumbi juu, inachimba vizuri kwenye kina, lakini inaweza kuchana uso wa juu wa plaiwudi. Ya kushusha inaacha uso wa juu safi, lakini vumbi linabaki mferejini, basi apunguze kina kwa kila mkato. Muulize uso gani utaonekana kwa mteja wake, hapo utajua umpe ipi.

SWALI LA 3: MBAO GANI?

Kuna biti za chuma kigumu cha kawaida, zile zinazoandikwa HSS, na kuna zenye makali ya kabaidi, mara nyingi zimeandikwa TCT. Ya HSS ni nafuu, na kwa paini inafanya kazi. Lakini gundi iliyomo ndani ya MDF na plaiwudi inamaliza makali yake haraka. Na mbao ngumu kama mkongo na mvule nazo hazina huruma. Kwa hizo muuzie kabaidi, hata kama ni ghali zaidi. Mwambie wazi kwa nini.

Kabaidi ina tabia moja inayotuhusu sisi wauzaji. Ni ngumu sana, lakini inameguka. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji au ikigongana na biti nyingine, makali yanaweza kutoka kipande kidogo usichokiona kwa haraka. Fundi atakiona kwenye mbao, kama mstari unaojirudia urefu wote wa mkato.

SWALI LA 4: MASHINE INA SPIDI GANI, NA UNAISHIKA KWA MKONO AU IKO MEZANI?

Hili wauzaji wengi hawaulizi. Fikiria hivi. Mashine inazunguka mara 24,000 kwa dakika. Biti yenye upana wa milimita 6, ncha ya makali yake inasafiri kama kilomita 27 kwa saa. Baiskeli ya mtu mwenye haraka. Weka biti yenye upana wa milimita 60 kwenye spidi ile ile, ncha inasafiri kama kilomita 271 kwa saa. Mashine ni ile ile na mlio ni ule ule, lakini hicho sasa ni kitu kingine.

Ndiyo maana biti pana inataka spidi ndogo. Mwongozo uliozoeleka ni huu, ila kilichoandikwa kwenye kasha au kwenye shina ndicho cha kwanza kufuatwa:

• Mpaka milimita 25: isizidi 24,000
• Milimita 25 hadi 50: isizidi 18,000
• Milimita 50 hadi 65: isizidi 16,000
• Zaidi ya hapo: 12,000 au chini

Zile ruta ndogo za kushika kwa mkono mmoja, wengi tunaziita trima, nyingi zinafika 30,000 na baadhi hazina kitufe cha kupunguza. Mtu wa trima ya namna hiyo muuzie biti ndogo tu, na uangalie spidi iliyoandikwa kwenye biti isiwe chini ya ile ya mashine. Biti kubwa za kuchonga paneli za milango ni za ruta kubwa yenye kupunguza spidi, iliyofungwa kwenye meza. Mtu akitaka kuishika kwa mikono, mwambie hapana. Utakosa mauzo ya siku moja.

KABLA HUJANUNUA MZIGO WA JUMLA

Toa biti moja kwenye kila aina, iangalie kwenye mwanga. Kabaidi imeunganishwa kwenye mwili wa biti kwa kuchomelewa. Mstari wa maungio uwe umejaa, usiwe na vitundu wala nafasi. Ukiona nafasi, rudisha, maana hapo ndipo kipande kinapong'okea. Tazama unene wa kabaidi. Ikiwa nyembamba kama karatasi, hainoleki tena. Pitisha ukucha juu ya makali kwa upole kutoka nyuma kwenda mbele. Ukucha ukikwama mahali, pamemeguka. Zungusha beringi kwa kidole, iende laini bila kukwaruza. Halafu pima shina kwa kalipa sehemu tatu. Likitofautiana juu na chini, usichukue.

KARATASI NINAYOTUMA NA KILA MZIGO

Nimechapa karatasi moja, naiweka kwenye kila kifurushi. Imeandikwa hivi:

1. Chomoa waya wa umeme kabla ya kugusa biti. Kuzima swichi tu hakutoshi.

2. Ingiza shina mpaka mwisho, kisha livute juu milimita 2 au 3, ndipo ukaze. Likigusa chini kabisa, linaweza kuzuia koleti isibane vizuri. Lakini usilivute sana. Angalau robo tatu ya shina iwe ndani.

3. Koleti iwe safi. Vumbi na utomvu vinafanya ibane upande mmoja.

4. Usichimbe kina chote kwa mara moja. Kwa kila mkato usizidi nusu ya upana wa biti. Mfereji wa kina cha milimita 12 kwa biti ya 6 ni mikato minne ya milimita 3, siyo mmoja.

5. Enda kinyume na mzunguko wa biti. Ukiwa umeshika ruta kwa mkono na umesimama mbele ya ukingo wa ubao, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukizunguka ubao kwa nje, zunguka kinyume cha saa. Ukichonga ndani ya fremu, fuata saa. Ukienda upande usio sahihi biti inashika mbao na kuikimbiza mashine.

6. Bana ubao kwa klempu. Usiushike kwa mkono mmoja na ruta kwa mwingine.

7. Vaa miwani, ziba masikio, vaa barakoa. Vumbi la MDF na la mbao ngumu siyo la kuvuta. Mikono ya shati ikunjwe.

Karatasi hiyo inanigharimu hela ndogo sana. Imenipunguzia malalamiko kuliko kitu kingine chochote nilichofanya.

MTEJA AKISEMA "BITI YAKO BUTU, INAUNGUZA MBAO"

Usikimbilie kubishana, na usikimbilie kurudisha hela. Muulize vitu vinne. Anasukuma kwa mwendo gani? Ruta ikikaa sehemu moja inaunguza hata na biti mpya. Spidi ipo ngapi? Biti pana kwenye spidi kubwa inaunguza. Anachimba kina gani kwa mkato mmoja? Na makali yana utomvu? Biti iliyoganda utomvu inafanya kama butu wakati haijaisha.

Kuisafisha, aloweke makali kwenye mafuta ya taa, mbali na moto, asugue kwa mswaki wa zamani na kuikausha vizuri. Beringi aitoe kwanza. Mafuta yakiingia yanaosha grisi yake na itakufa. Na kama anataka kuamsha makali kidogo, anoe ule uso bapa wa ndani tu kwa kinoo cha almasi, idadi sawa ya misuguo kila upande. Akinoa nje ameshabadilisha kipimo cha biti, na ile yenye beringi haitalingana tena.

Kama amefanya yote hayo na bado, na ni biti ya wiki moja, hapo ni yako. Mbadilishie bila maneno mengi.

KUFUNGA MZIGO WA MKOANI

Kila biti iwe kwenye kasha lake au izungushiwe sponji peke yake. Biti kumi kwenye mfuko mmoja ndani ya basi kutoka Dar mpaka Mwanza zitafika zimegongana njia nzima. Kabla ya kufunga, piga picha mbili: makali kwa karibu, na shina likiwa kwenye kalipa namba ikionekana. Mtumie mteja, asubiriwe aseme "sawa". Picha hiyo inakulinda wewe na inamlinda yeye.

TANGAZO LANGU LA SASA

Lile la zamani mnalijua. La siku hizi linasomeka hivi:

"Biti ya ruta ya kona ya duara, nusu kipenyo 6 mm. Shina 6.35 mm (robo inchi). HAIFAI koleti ya 6 mm, 8 mm wala 12 mm. Makali ya kabaidi, ina beringi. Spidi isizidi 24,000. Kabla ya kulipia, tuma picha ya koleti yako na utuambie unafanyia kazi gani."

Ni refu na halina utamu. Nisiwadanganye, kuna wateja wanaonikimbia. Mmoja aliniambia, "Dada, unauliza maswali kama polisi, wenzako hawaulizi." Mwingine alikuwa na koleti ya 12.7 na alitaka ile ile ya 12 kwa sababu ilikuwa nafuu. Nikamkatalia. Akaenda kununua kwingine, na najua aliinunua. Roho iliniuma, maana mwezi huo mauzo yalikuwa mabaya na kodi ya chumba ilikuwa inakaribia. Lakini nilijua ningekuwa nasubiri ujumbe wa sauti mwingine.

Nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba wanaobaki ni mafundi wenye kazi. Fundi mwenye oda ya milango 20 hataki biti ya bei rahisi, anataka isiyomharibia mlango wa 19. Huyo ukimuuliza koleti anajua anaongea na mtu anayejua anachouza, na mwezi ujao anarudi bila kuuliza bei kwingine.

Kwa hiyo wewe unayeuza, leo hii fungua ukurasa wako, tafuta kila tangazo lililoandikwa "inaingia zote", lifute au lirekebishe. Nunua kalipa. Pima mzigo ulionao ndani. Na wewe unayechonga, kabla hujaagiza biti nyingine, chomoa waya, fungua nati, soma namba ya koleti yako na uiandike kwa kalamu kwenye ubavu wa mashine.

Yule fundi wa Morogoro bado ni mteja wangu. Siku hizi hasubiri nimuulize. Anatuma picha ya koleti kwanza, salamu inafuata.

Hifadhi hii, na mtumie fundi wako. Biashara njema.